Miezi 14 na mama yangu kliniki ya presha na sukari: tabibu nyota 5, foleni nyota 2

Nimeahirisha kuandika hii mara nyingi sana, leo nimekaa niimalize. Mwaka jana mwezi wa tatu mama yangu alidondoka bafuni, ana miaka 67, kumpima presha ikasoma 186 kwa 104 na sukari kabla hajala ni 14.1, kumbe mwenzetu kizunguzungu alikuwa nacho siku nyingi anatuficha. Tangu hapo mimi ndo nampeleka kliniki ya presha na sukari, kituo cha afya cha serikali huku kwetu Temeke, Dar, miezi kumi na minne sasa na hatujakosa tarehe hata moja. Kituo sikitaji jina kwa sababu kuna mambo hapa si mazuri na sitaki mtumishi mmoja abebeshwe mzigo wa wote. Ila naona watu wengi wanauliza "jamani nimpeleke mzazi wapi", wanajibiwa hospitali binafsi tu kama vile vya serikali havina kitu kabisa, na hiyo sio kweli, na wale wanaosema siku hizi kila kitu kipo safi nao sio kweli.

Mimi kituo nakiangalia sehemu mbili tu. Mgonjwa akishakaa mbele ya tabibu anahudumiwaje, na amepitia nini mpaka akafika hapo. Hivi vitu viwili kwenye hiki kituo ni kama nchi mbili tofauti.

Nianze na kufika. Kliniki ni Jumanne na Alhamisi peke yake. Dirisha la kadi linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi lakini wazee wanaanza kuingia getini saa kumi na moja alfajiri, giza bado, kila mtu anaweka daftari lake juu ya mengine pale kwenye benchi la mbele na aliyewahi ndo anakuwa mlinzi wa yale madaftari, ukienda chooni ukirudi ukute daftari lako limeshushwa chini basi ugomvi hapo. Na kumbuka hawa ni watu wa sukari, wameambiwa waje hawajala ili kipimo kisome vizuri. Mtu kaamka saa tisa usiku, kapanda bajaji, tumbo tupu, anakaa mpaka saa nne, saa tano ndo anachomwa kidole. Nimeshuhudia kwa macho yangu baba mmoja mtu mzima ameanza kutetemeka pale kwenye benchi, jasho linamtiririka, anaongea maneno hayaeleweki, sukari imeshuka, na wa kwanza kumkimbilia alikuwa mama muuza maandazi wa pale getini na soda mkononi. Nesi alikuja baadae na alimhudumia vizuri tu, simlaumu, ila yule mzee alikuwa ndani ya geti la kituo cha afya masaa manne na hakuna mtu aliyejua anatumia insulini.

Likifunguliwa dirisha unapewa namba. Kama huna msamaha wala bima unapewa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali) unalipa kwa simu, mtandao ukiwa chini unasubiri mtandao. Halafu foleni ya presha, halafu foleni ya kidole, halafu foleni ya tabibu, halafu foleni ya dawa. Foleni tano. Mwezi wa saba mwaka jana nilipiga hesabu kwa saa ya simu kabisa, tulifika saa 11:20 alfajiri tukatoka saa 7:10 mchana, karibu masaa manane, na muda ambao mama alikaa na tabibu ni dakika 11. Mimi nina kazi, kila Jumanne ya kliniki ni siku ya ruhusa kazini, na wenzangu ambao hawana wa kuwaombea ruhusa wanawaacha wazazi wao waende peke yao na kijukuu cha darasa la tatu ambacho siku hiyo hakiendi shule.

Sasa la wazee. Sera ya nchi inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza atibiwe bila malipo, na wazee wapewe kipaumbele, wawe na dirisha lao. Mama kitambulisho chake cha matibabu bure anacho, tulikifuatilia serikali ya mtaa mpaka tukakipata. Na dirisha la wazee lipo! Limeandikwa kabisa kwa rangi ya bluu WAZEE MIAKA 60+. Miezi sita ya kwanza sijawahi kuliona limefunguliwa, ukichungulia kwenye nondo unaona maboksi ya glavu yamepangwa mpaka juu, ukiuliza unaambiwa anayekaa hapo yuko likizo. Tangazo la kuwapisha wazee limebandikwa ukutani na chini yake bibi kakaa sakafuni kwenye kanga yake kwa sababu mabenchi yamejaa. Iliniuma. Na wakati huo huo kuna watu wanaingia kwa mlango wa nyuma na file mkononi, jirani ya fulani, shemeji ya fulani, kila mtu kwenye benchi anaona na hakuna anayesema maana unaogopa ukisema siku yako ikifika utahudumiwa kwa sura gani.

Haya, sasa ingia chumbani.

Anayewaona wagonjwa wengi pale sio daktari wa digrii, ni tabibu, kijana wa diploma, na wapo wanaosikia neno tabibu wanageuza njia wanaenda binafsi. Sikilizeni. Kabla ya hapa mama tulimpeleka zahanati moja ya binafsi karibu na stendi, safi, tailizi zinang'aa, feni juu, unahudumiwa ndani ya nusu saa. Presha alipimwa mara tu baada ya kupanda ngazi, juu ya mkono wa gauni, huku anaulizwa maswali na anajibu, ikasoma 170 na ngapi, akaongezewa dawa ya pili hapo hapo. Na kila tulipoenda pale, iwe kichwa, iwe mgongo, iwe uchovu, tulitoka tumeambiwa ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na taifodi, sindano siku tano, risiti ndefu. Nadhani kila mtu Dar anaijua hiyo UTI na taifodi. Kile kipimo cha damu cha taifodi wanachokitumia kinaweza kusoma ipo hata kwa mtu ambaye haumwi taifodi leo, na antibaiotiki ukizila kila mwezi bila sababu unakuja kukosa dawa siku unayoihitaji kweli.

Huyu tabibu wetu siku ya kwanza alisimama. Mama anaingia, yeye anasimama, "shikamoo mama", "marahaba mwanangu", akamvutia kiti mwenyewe. Halafu hakupima. Akamwambia kaa mama yangu upumzike kidogo, egemea, miguu yote chini usikunje nne, mkono weka hapa mezani, tusiongee. Tukakaa kimya dakika tano nzima huku nje foleni inagonga mlango na yeye hakutetereka, akamkunja mkono wa gauni akafunga kile kitambaa cha kipimo kwenye ngozi yenyewe. Akapima, akasubiri, akarudia, akaandika zote mbili. Nilimuuliza mbona zahanati walipima fasta akasema presha ya mtu aliyetoka kupanda ngazi na anaongea sio presha yake, ukimpa dawa kwa namba hiyo kesho anaanguka kwa presha kushuka. Maneno mepesi tu lakini hakuna aliyewahi kutuambia.

Ziara ya tatu akamwambia mama avue viatu na soksi. Mama aliona aibu, miguu ina vumbi la njiani, akawa anaificha chini ya kiti anasema "baba yangu miguu michafu hii", yule kijana akachuchumaa chini kabisa, akaifuta kwa pamba yenye maji, akaangalia katikati ya vidole kimoja kimoja. Akatoa kauzi ka plastiki kagumu kamefungwa kwenye kijiti, akamgusisha mama kwanza kwenye mkono ajue kanavyogusa, halafu akamwambia fumba macho, ukisikia nimekugusa useme ndiyo. Akaanza mguu wa kulia. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Akahamia kushoto, ndiyo, ndiyo, akafika chini ya dole gumba, akakandamiza mpaka kauzi kakapinda, mama kimya. Mimi namuona anaguswa, yeye amefumba macho anasubiri kuguswa. Akarudia pale pale, kimya tena. Nilihisi mwili umekufa ganzi mimi mwenyewe. Akatueleza kwamba sukari ya muda mrefu imeanza kuua mishipa ya fahamu ya pale, kwa hiyo mama akikanyaga mwiba au kaa la moto hatajua, na vidonda vinavyokuja kukata miguu ya watu vinaanzia kwenye kitu kidogo ambacho mtu hakukisikia. Kuanzia siku ile mama hatembei peku hata ndani, kila usiku namwangalia nyayo kwa tochi ya simu, na mwezi wa kumi na moja kweli nilikuta pini ya nguo imemchoma kisigino anatembea nayo. Alikuwa hajui. Tuliiwahi.

Kauzi kale sio mashine ya mamilioni. Zahanati ya tailizi hawakuwahi hata kumvua viatu.

Daftari la mama, lile kubwa la kurasa nyingi lenye ganda la nailoni, ukilifungua unaona kazi ya huyu kijana: 186/104, 172/98, 164/96, 150/90, 146/88, 138/84, na mwezi uliopita 134/82. Sukari kutoka 14.1 mpaka 7 na kidogo. Na hajamuongezea dawa ovyo, amembadilishia muda wa kumeza, amekaa naye kuongelea chumvi na ugali, alimuuliza mama anapika nini, saa ngapi, nani mwingine anakula pale, akampangia ale kile kile tunachopika nyumbani ila kwa kipimo, mboga nyingi, ugali wa ngumi moja, chai bila sukari. Zamani tulikuwa tunapewa karatasi ina picha za tufaa na zabibu, nani huku anakula zabibu kila siku.

Yaliyobaki ndani ya kituo nipite haraka. Dawa: amlodipini ya presha ipo kila siku, metformini ya sukari ipo mara nyingi, losartani, nayo ya presha, imekosekana mara tano kati ya miezi yote hii, ikikosekana unaandikiwa unaenda kununua famasi, kwa hiyo ile bure ya mzee inaishia dirishani. Maabara: sukari ya kidole ipo muda wote, kipimo cha figo kuna miezi unaambiwa vitendanishi (kemikali za kupimia) vimeisha, na kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hakipo kabisa, tulipewa rufaa kwenda hospitali ya juu. Macho pia hawapimi, na mtu wa sukari anatakiwa aangaliwe macho kila mwaka, kwa hiyo wenye wazazi mlifuatilie hilo wenyewe msisubiri kukumbushwa. Vyoo visafi, nasema kwa haki, maji yapo, sabuni mara ipo mara haipo.

Faragha ndo mbaya. Chumba kimoja, meza mbili, wagonjwa wawili kwa wakati mmoja na mlango wazi. Mama yangu alitaka kumuuliza tabibu kitu cha kike akanyamaza kwa sababu meza ya pili kuna mwanaume wa umri wa mdogo wake, wa mtaani kwetu. Aliniambia nyumbani, wiki imepita. Na mimi nimesikia mambo ya watu ambayo sikutakiwa kuyasikia. Kuweka pazia pale katikati sijui kunahitaji kikao gani.

Sasa nirudi kwenye foleni maana nimeifikiria sana nikiwa kwenye lile benchi, unajua masaa manane unapata muda wa kufikiri. Mwanzoni nilidhani shida ni watumishi wachache, na ni kweli wachache. Lakini nikaanza kuangalia madaftari ya wenzangu, wazee wananipa niwasomee tarehe, nikaona karibu wote wanapewa dawa za wiki mbili. Wiki mbili! Mtu presha yake imetulia mwaka mzima, anarudi kila baada ya siku 14 kupangwa foleni tano kwa ajili ya vidonge vile vile. Yaani nusu ya watu walioko kwenye benchi siku hiyo hawajaja kuonwa, wamefuata vidonge, na wanamzibia njia yule ambaye presha yake ni 190 na anatakiwa aonwe sasa hivi. Na upande wa pili wa kiwanja hicho hicho kuna CTC, yaani kliniki ya wenye VVU, na kwenye huduma za VVU nchi hii mgonjwa aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu mpaka sita kwa mkupuo. Walishagundua kwamba kumsumbua mgonjwa aliyetulia kunamfanya aache dawa. Kituo kimoja, mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) mmoja, hawa wanapewa miezi na hawa wanapewa wiki mbili. Kwa nini?

Sikuandika kwenye sanduku la maoni, kufuli lake lina kutu, sidhani kama lilishawahi kufunguliwa. Ukutani kuna namba ya simu ya mganga mfawidhi, nikapiga mwezi wa nane mwaka jana nikijua haitapokelewa, akapokea. Akaniambia njoo. Nilienda na daftari la mama na karatasi yangu ya masaa, saa 11:20 mpaka saa 7:10, nikamuonyesha na dirisha lenye maboksi. Hakukasirika. Alinieleza dawa anaziomba Bohari ya Dawa (ghala la dawa la serikali) kwa makadirio, akimpa mmoja za miezi mitatu wa tatu kwenye foleni anakosa kabisa, na lawama zinamwangukia yeye mganga. Nikamwelewa, ila nikamwambia mzee anayekuja mara mbili kwa mwezi anameza vidonge vile vile 30, hawi anakula zaidi kwa kupewa vyote siku moja. Alinyamaza kidogo akaandika.

Mwezi wa tisa maboksi yalitoka. Dirisha la wazee sasa hivi linafunguliwa saa moja kamili, kuna dada mpole sana anakaa pale, na jambo kubwa kuliko yote, kidole kinachomwa mapema kabla ya kadi, saa moja kasorobo nesi anapita benchini na kimashine chake, anauliza "nani anatumia insulini hapa", ukishachomwa unaruhusiwa kula. Mama anabeba chapati yake na chai kwenye chupa, anakula anasubiri. Na waliotulia wanapewa dawa za mwezi mmoja badala ya wiki mbili. Mara ya mwisho tumefika saa 12:30 asubuhi tumetoka saa 4:40. Mlango wa nyuma bado upo, nimeona watu wawili siku hiyo hiyo, na pazia bado hakuna.

Kuanzia 2015 Wizara ya Afya na TAMISEMI (ofisi ya serikali za mitaa) walianza kuvipa vituo vya ngazi ya chini nyota, kutoka sifuri mpaka 5, lengo vituo vingi vifikie angalau 3. Mimi sio mkaguzi lakini za kwangu ni hizi: chumba cha tabibu 5, dawa na maabara 3, faragha 1, kufika mpaka umuone tabibu 2, na hiyo 2 ni ya sasa, mwaka jana ningeandika sifuri. Ukinipa kuchagua kati ya hapa na tailizi za stendi mama yangu nampeleka hapa hapa.

Kama unampeleka mzazi wako kituo chochote cha serikali, nenda na daftari lake la zamani usinunue jipya kila mara, andika mbele kabisa dawa anazotumia na kama anatumia insulini uandike kwa herufi kubwa, kitambulisho cha mzee kifuatilie serikali ya mtaa mapema, na ukifika chumbani kama hawajamvua viatu omba wewe, sema tu "daktari naomba umwangalie miguu".

Tarehe yetu nyingine ni Jumanne ya wiki ijayo. Safari hii naenda na barua nimeiandika kwa mkono, inaomba dawa za miezi miwili kwa wale ambao presha imetulia miezi sita mfululizo, na pazia la kile chumba. Wazee 23 wa lile benchi wameshaisaini, wengine kwa dole gumba kwa wino wa dada wa dirishani. Nitampa mganga mfawidhi mkononi mwake.